Mkufu wa Oganda: Kukisoma Upya Kisa cha Mapenzi na Zimwi la Ziwa

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki, hadithi za mapenzi ya vijana zilizochanganywa na mambo ya mizimu na viumbe vya ajabu hazikupewa heshima kubwa. Mhakiki aliyetafuta uzito aliutafuta katika maandishi ya ukoloni, ya uhuru na ya migogoro ya matabaka. Mapenzi ya kijana na msichana waliozungukwa na mazimwi aliyaachia watoto na wasomaji wa kupitisha wakati. Tangu mwaka 2005, Stephenie Meyer wa Marekani alipotoa Twilight, riwaya ya msichana anayempenda kijana mnyonya damu, vitabu vya namna hiyo vimeenea sana mikononi mwa vijana, na imekuwa rahisi zaidi kudhani kwamba aina nzima hii ya hadithi ni bidhaa ya kigeni isiyostahili kuulizwa maswali.

Makala haya yana shabaha ya kuonyesha kwamba aina hiyo haikuanza kwa wageni, na kwamba mfano wake mmoja wa mapema katika fasihi andishi ya kwetu una swali zito ambalo usomaji wa haraka umelifunika. Mfano wenyewe ni kisa kifupi cha Grace Ogot kiitwacho The Rain Came. Kisa hiki si riwaya kwa urefu, lakini kina viungo vyote vya aina tunayoizungumza: msichana mzuri, kijana anayempenda kwa siri, zimwi la majini, wahenga wanaosema kwa njia ya ndoto, na mbio za kuokoa maisha wakati jua linazama. Wasomaji wake wakubwa, tangu kilipoanza kutiwa katika mikusanyo ya hadithi, wamekuwa wanafunzi walio na umri wa wahusika wenyewe.

Tutakisoma tukiwa na msomaji wa mahali maalumu akilini, yaani msomaji wa Rangwe, katika kaunti ya Homa Bay nchini Kenya. Rangwe haiko ufukweni. Iko bara kidogo kutoka mji wa Homa Bay ulio kando ya Ghuba ya Winam. Ni nchi ya wakulima wanaongoja mvua, na shule zake, kama zile za misheni ya Kikatoliki ya Asumbi, zimesomesha vijana kwa vizazi kadhaa. Msomaji wa huko amezungukwa na masimulizi. Upande wa Karachuonyo, karibu na Kendu Bay, liko ziwa dogo la Simbi, ambalo husemekana lilikuwa kijiji kilichozama. Upande wa Gwassi, huko Nyandiwa, husimuliwa habari za Nyamgondho na mke aliyetoka majini. Upande wa Kanyamwa alitoka mganga mashuhuri Gor Mahia, ambaye jina lake limechukuliwa na klabu ya kandanda iliyoundwa mwaka 1968. Msomaji huyu hakutani na zimwi la ziwa kama kitu kigeni. Kwa hiyo anaweza kutufunza namna ya kukisoma kisa hiki.

2. Kisa na historia yake

Grace Ogot alizaliwa mwaka 1930 huko Asembo, ng'ambo ya pili ya ghuba, akafariki mwaka 2015. Alisomea uuguzi na ukunga Uganda na Uingereza kabla ya kujulikana kama mwandishi. Mwaka 1962 alihudhuria mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Chuo Kikuu cha Makerere, na huko akasoma hadithi yake A Year of Sacrifice. Hadithi hiyo ilichapishwa mwaka 1963 katika jarida la Black Orpheus, na baada ya kusanwa upya ikawa The Rain Came, ambayo iliingia katika mkusanyo wake Land Without Thunder wa mwaka 1968.

Yafaa tukumbushe kisa chenyewe kwa ufupi. Nchi imepatwa na ukame. Chifu Labong'o anakwenda kwa mganga Ndithi, naye anamwambia kwamba mhenga Podho amemtokea katika ndoto na kumwonyesha msichana ambaye lazima atolewe kwa zimwi la ziwa ili mvua inyeshe. Msichana huyo ni Oganda, binti wa pekee wa chifu mwenye wana ishirini wa kiume. Labong'o na mkewe Minya wanalia, lakini watu wanafurahi, maana uhai wao umekombolewa. Oganda mwenyewe, anapoona wazee wananong'ona na kukaa faragha, anadhani kwamba wanapanga ndoa yake. Anawapima moyoni vijana anaowafahamu, na moyo wake unatua kwa Osinda. Anapoambiwa ukweli, hana la kufanya. Anaandaliwa karamu, anaagwa, anatembea peke yake hadi nchi takatifu iliyo kando ya ziwa. Huko Osinda, aliyemfuata kwa siri, anamshika, anamvika vazi la majani ya mmea uitwao bwombwe, na wote wawili wanakimbia. Jua linazama, radi inapiga, mvua inanyesha kwa nguvu. Hapo kisa kinakoma.

Kuna njia mbili ambazo humjia msomaji kwanza. Ya kwanza yasema kwamba mapenzi yameshinda: vijana wameokoka, mvua imepatikana, wote wamefaidika. Ya pili yasema kwamba imani imeumbuka: mvua imenyesha ingawa msichana hakuliwa, kwa hiyo mganga alikuwa mwongo na mila ilikuwa giza tupu. Njia zote mbili zinampendeza mwalimu kwa sababu zinampatia funzo la kuandika ubaoni. Hata hivyo, hakuna hata mojawapo inayokubaliana na maneno ya kisa tukiyatazama kwa makini.

3. Mkufu na vazi la majani

Tuanze na jambo dogo ambalo ni rahisi kulipita. Katika ndoto ya Ndithi, msichana aliyesimama kando ya ziwa anatambulikana kwa mapambo yake. Ana kipuli cha dhahabu katika sikio la kushoto, na kiunoni ana mkufu wa shaba unaong'aa. Kurasa chache baadaye, Oganda anapowaza habari za vijana, tunaelezwa kwamba Osinda alimtengenezea mkufu mzuri, naye badala ya kuuvaa shingoni ambako kila mtu angeuona, anauvaa kiunoni daima.

Mwandishi hasemi kwamba mikufu hiyo miwili ni mmoja. Anaiweka tu, mmoja hapa na mwingine pale, na kumwachia msomaji kazi ya kuiunganisha. Ikiwa ni mmoja, basi maana yake ni nzito. Alama ya siri ya mapenzi ndiyo alama ambayo wahenga wameitumia kumtambua wa kutolewa. Kitu alichokificha ili asionekane na watu ndicho kilichoonekana na macho ya wasioonekana. Ndoto haikumchagua msichana yeyote aliye bikira; ilimchagua huyu ambaye tayari alikuwa amechaguliwa na mtu mwingine, na ambaye alikuwa amekubali.

Kwa hiyo mapenzi na imani katika kisa hiki havikai katika vyumba viwili tofauti, kimoja cha nuru na kingine cha giza. Vinagombania mwili mmoja na vinatumia alama ileile. Hata maandalizi yanafanana. Nyumba inajaa watu, wazee wananong'ona, ng'ombe wanachinjwa, ndugu wanaimba, msichana anaaga na kusindikizwa. Oganda anapodhani kwamba ni ndoa, hakosei kwa ujinga. Dalili zote ni za ndoa. Anatoka nyumbani kwa baba yake kama bibi arusi atokavyo, ila bwana arusi yuko majini.

Hapa ndipo kisa kinapoachana na riwaya za siku hizi za aina yake. Katika Twilight, kiumbe wa ajabu ndiye mpenzi, na hatari ndiyo mvuto wake. Katika kisa cha Ogot, kiumbe wa ajabu ni mposaji aliyeletwa na jamii nzima, na mpenzi ni mtu wa kawaida anayejua kufua mkufu na kusuka majani. Msichana hatakiwi kuchagua kati ya wapenzi wawili. Swali ni kama ana haki ya kuchagua chochote.

Jambo la pili ni lile vazi la bwombwe. Kama nia ya mwandishi ingekuwa kuonyesha kwamba wahenga hawapo, Osinda angemwambia Oganda kwamba hakuna macho yanayowatazama. Hasemi hivyo. Oganda anapohofu kwamba macho ya wahenga yatawafuata kila waendako, Osinda hambishii; anamletea kinga. Amekuja na mavazi mawili, moja lake na moja la Oganda, na anayaamini. Anaishi katika ulimwengu uleule wa Labong'o na Ndithi. Anaipinga amri takatifu kwa dawa ambayo ina maana tu kwa mtu anayeamini kwamba utakatifu upo.

Hatuoni ajabu, tukikumbuka kazi nyingine za mwandishi huyu. Katika riwaya yake The Promised Land ya mwaka 1966, Ochola anapatwa na ugonjwa wa ngozi unaohusishwa na uchawi wa jirani, na hospitali ya kizungu haimponyi. Ogot alikuwa muuguzi aliyejifunza kazi yake katika hospitali za kisasa, lakini hakuandika ili kuwacheka waganga. Alijua kwamba mgonjwa huja na ulimwengu wake mzima.

4. Kutoa, kutolewa na kujitoa

Kwa kuwa jarida hili ni la lugha, inafaa tujiulize kisa hiki kingesemwaje kwa Kiswahili, maana jaribio la kukitafsiri linafichua jambo ambalo Kiingereza kimelifunika. Kitenzi chetu cha -toa kina miundo mitatu inayotuhusu hapa. Mtu anaweza kutoa, anaweza kutolewa, na anaweza kujitoa. Tofauti ni ya silabi moja au mbili, lakini ndani yake mna sheria nzima ya maadili.

Agizo la Podho, kama Ndithi alivyolieleza, ni kwamba msichana ajitoe mwenyewe kwa zimwi. Ni kujitoa, kile ambacho Kiswahili kingekiita kujitoa mhanga. Baada ya hapo muundo unabadilika. Chifu anaambiwa, mama anaambiwa, watu wanaambiwa na kushangilia. Oganda anaambiwa mwisho wa wote. Anayetakiwa kujitoa anatolewa. Baba yake ndiye mtoaji, naye kisa kinamwonea huruma, kwani analijua fumbo lililomkaba: akikataa ataangamiza kabila zima kwa ajili ya mtu mmoja, na akikubali hatakuwa na amani tena. Lakini hata katika huruma hiyo, hatuoni mahali ambapo yeyote anamuuliza Oganda.

Maneno yetu ya sadaka yangetutia katika mtihani huohuo. Sadaka hutolewa kwa hiari, na thamani yake iko katika moyo wa mtoaji. Kafara hutolewa ili kuondoa balaa, na kitolewacho hakina usemi, awe kuku au mbuzi. Tambiko ni haki ya wahenga, nalo hufuata utaratibu wa ukoo. Mfasiri akisema Oganda ni sadaka, amempa hiari ambayo hakupewa. Akisema ni kafara, amempa hadhi ya mnyama. Akisema ni tambiko, amemfanya sehemu ya desturi iliyokubalika. Kila neno ni uamuzi. Kwa maoni yetu, kafara ndilo neno la kweli la matendo ya watu, na kujitoa ndilo neno la agizo. Pengo lililo baina ya maneno hayo mawili ndilo kiini cha kisa.

Zimwi nalo lina taabu yake. Neno zimwi kwa Kiswahili lina harufu ya ngano za watoto: lina tamaa, hudanganyika kwa urahisi, na mwisho wake hupasuliwa tumbo. Kwa Kijaluo apul-apul hufanana nalo, na Ogot mwenyewe alitoa mwaka 1981 hadithi iitwayo Aloo kod Apul-Apul. Jini lingetupeleka pwani, kwenye masimulizi ya majini wanaopenda na kuoa binadamu, na lingeukuza ule ubwana arusi tuliousema. Mzimu ungetuletea wahenga au mahali pao pa ibada. Sisi tumetumia zimwi kwa kukosa lililo bora, na tunamtahadharisha msomaji asilione kama zimwi la ngano. Katika kisa cha Ogot zimwi halionekani hata mara moja. Halitoi kichwa, halinguruma, halina rangi wala umbo. Lipo tu katika vinywa vya watu na katika hofu ya wale wanaokimbia.

Ziwa lenyewe limewahi kusema kwa sauti kama hiyo katika historia. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alidai kwamba alimezwa na joka kubwa la ziwani, akatapikwa akiwa na ujumbe kwa watu, na dini ya Mumbo ikaenea hadi kusini mwa Nyanza, serikali ya kikoloni ikaipiga vita. Miaka michache kabla ya hapo, Kinjeketile wa Ngarambe alisemekana kuzama katika maji na kutoka na dawa ya vita, habari ambayo Ebrahim Hussein aliifanya tamthilia mwaka 1969. Katika masimulizi hayo mwanamume huingia majini na kurudi na neno. Oganda hakutazamiwa kurudi na neno lolote. Maji yalitaka mwili wake tu.

5. Njia tatu za kuzuia kafara

Ili tuione vema nafasi ya kisa hiki, tukilinganishe na kazi mbili mashuhuri za Kiswahili. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja iliyotolewa mwaka 1960, mauaji yanahusishwa na mzimu, mpaka Bwana Msa anapochunguza na kugundua mkono wa binadamu. Njia yake ni uchunguzi: mzimu unaondolewa kwa kuelezwa. Katika Kufikirika cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo cha mwandishi, ugonjwa wa mwana wa mfalme unataka damu ya mjinga na mwerevu. Njia inayozuia kafara ni hoja: mfalme anaongozwa kwa akili mpaka anaona ubaya wa sheria yake.

Ogot hana mpelelezi wala mwanafalsafa. Hakuna anayemwumbua Ndithi, wala hakuna anayesimama mbele ya Labong'o kutoa hoja. Njia ya tatu ni kutoroka. Tena Osinda si shujaa wa kuua, kama Perseus wa Wagiriki ambaye aliliua joka la bahari na kumwoa Andromeda aliyefungwa mwambani. Perseus anamaliza tatizo. Osinda analiacha zimwi majini lilimo, mganga nyumbani kwake na sheria mahali pake. Anaokoa mtu mmoja.

Kwa mtazamo wa wahakiki waliodai kwamba fasihi ionyeshe njia ya ukombozi wa jamii nzima, huu ni udhaifu. Watasema kwamba vijana wamekimbia wajibu, na kwamba ukame ujao utatafuta msichana mwingine. Hoja hiyo ina nguvu na hatuwezi kuipuuza. Lakini yafaa kuuliza: wajibu wa nani? Kisa kinatuonyesha jamii iliyofurahi mara ilipojua kwamba bei italipwa na mwingine. Katika furaha ile kuna ukatili ambao hauhitaji zimwi. Mtoro anatuonyesha kwamba mkataba uliandikwa bila saini ya mmoja wa wahusika, na kwamba huyo ndiye aliyetakiwa kulipa wote.

Kuna kitendo kimoja kinachothibitisha hukumu hii. Wakati Oganda anapoagwa, mtoto mdogo anatoka katika umati, anampa Oganda kipuli ampelekee dada yake aliyekufa wiki iliyopita, kwa kuwa alikisahau. Oganda anakipokea, kisha anampa mtoto yule maji na chakula alichopewa cha safari. Nchi ni kavu, na maji ni uhai. Katika kisa chote, hiki ndicho kitu pekee ambacho Oganda anakitoa mwenyewe, kwa mkono wake, kwa mtu aliye hai, bila kuagizwa. Hapo ndipo alipojitoa kwa kweli, na hakuna mganga aliyekitambua kitendo hicho.

6. Mvua ya namna gani?

Sasa tufike kwenye mwisho wenyewe. Wengi huchukulia kwamba mvua ni baraka, na kwamba mwandishi ameitoa kama zawadi kwa wapenzi. Msomaji wa Rangwe hatakubali upesi hivyo, kwa sababu katika nchi yake zimo mvua mbili.

Mvua ya kwanza ni ile inayongojwa na mkulima. Ya pili ni ile ya Simbi. Husimuliwa kwamba bikizee mmoja mwenye njaa alifika kijijini wakati wa karamu, watu wakamfukuza, mwanamke mmoja tu akampokea. Usiku huo maji yakashuka na kukifunika kijiji chote, na mahali pake pakawa ziwa. Ogot alilijua simulizi hilo vema. Mwaka 1983 alilichapisha kwa Kijaluo kwa jina la Simbi Nyaima. Mvua ya Simbi ni adhabu ya watu waliokataa kutoa. Simulizi la Nyamgondho nalo hufuata njia hiyo: mvuvi maskini alimvua mwanamke kutoka ziwani, akatajirika kwa ng'ombe wake, akalewa na kumtukana, na mke akarudi majini akifuatwa na mifugo yote. Ziwa hutoa, na ziwa hudai.

Tukirudi kwenye ndoto ya Ndithi, tunakuta onyo ambalo ni rahisi kulisahau. Podho alisema kwamba siku hiyo mvua itanyesha kwa nguvu, na kila mtu akae nyumbani asije akachukuliwa na mafuriko. Mwishoni mwa kisa watu wote wamo majumbani mwao, isipokuwa wawili. Mvua iliyowaokoa waliomtoa Oganda inamwangukia Oganda na Osinda porini, nao wamevaa majani. Wanaanza kukimbia tena kwa hofu. Hakuna neno la furaha katika sentensi za mwisho.

Je, wahenga wameridhika kwamba msichana alifika mpaka ufukweni, na hivyo ameonekana kuwa amejitoa? Je, mvua ingekuja hata bila yeye, kama ijavyo kila mwaka? Au ni mvua ya hasira inayowawinda watoro? Maandishi yanaruhusu yote matatu, na mwandishi amekata kisa mahali hasa ambapo jibu lingeanza. Ikumbukwe pia kwamba wasomaji wa kwanza walikipata wakati ambapo mvua haikuwa baraka tupu. Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 1961 zilianza kulipandisha ziwa, na kufikia mwaka 1964 maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena na kuwahamisha watu wa ufukweni. Mtu wa ghuba hii hawezi kusoma kwamba mvua imenyesha kwa nguvu akadhani kwamba habari imekwisha.

Kwa hiyo usomaji unaosema imani imeumbuka unashindwa, kwa kuwa utabiri umetimia siku iliyotajwa. Na usomaji unaosema mapenzi yameshinda unashindwa, kwa kuwa hatuoni ushindi ila mbio. Kinachobaki ni deni. Jamii imepata mvua bila kulipa, na wapenzi wamepata uhai bila ruhusa. Nani atamdai nani, kisa hakisemi.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kisa cha Oganda hakibishani juu ya kuwapo au kutokuwapo kwa zimwi. Kinabishana juu ya haki ya wengi kumchagua mmoja, kwa alama aliyoificha mwilini mwake, na kuuita uchaguzi huo kujitoa kwake. Uajabu wa kisa, yaani ndoto, nchi takatifu na vazi la majani, si pambo la kuwafurahisha vijana. Ndiyo lugha pekee ambamo swali hilo lingeweza kuulizwa bila mtu yeyote kujificha nyuma ya ujinga wa mwingine, kwa maana wote, mtoaji na mtoro, wanaamini.

Swali hilo halijazeeka. Katika baadhi ya fuko za ziwa hili imekuwapo desturi ijulikanayo kama jaboya, ambayo mchuuzi mwanamke hulazimika kumpa mvuvi mwili wake ili auziwe samaki. Hakuna ndoto wala mganga katika biashara hiyo, lakini hesabu ni ileile: maji yana riziki, na mlango wa riziki ni mwili wa mwanamke. Mwalimu wa Rangwe anayekifundisha kisa hiki kama kumbukumbu ya ujinga wa zamani anawaambia wasichana wa darasa lake kwamba hatari imekwisha. Anayekifundisha kama hadithi ya mapenzi yenye mwisho mwema anawaambia kwamba Osinda atakuja. Hana hakika ya lolote kati ya hayo mawili, na mwandishi hakumpa ruhusa ya kuyasema.

Tunapendekeza, basi, kwamba kisa hiki kifundishwe pamoja na masimulizi ya Simbi na Nyamgondho, tena kwa lugha zaidi ya moja, na kwamba wanafunzi watakiwe kukitia katika Kiswahili wao wenyewe. Watakapofika kwenye neno la kutafsiri agizo la Podho, waulizwe waandike ajitoe au atolewe, na watoe sababu. Aidha, wahakiki wenzetu wanaoziita hadithi za mapenzi na mizimu kuwa ni nyepesi wangefanya vema kuzisoma mara ya pili, wakianzia na mapambo ya wahusika.